Vimondo barabara ya Chunya: twende Agosti 12?

UyoleKwetu: Habari wakuu. Tuko sita, tunataka kukesha kule juu barabara ya Chunya, pale watu wanaposimama kutazama bonde la Usangu. Tumelenga mvua ya vimondo ya Perseidi, usiku wa 12 kuamkia 13 Agosti. Mtandaoni wanasema vinafika mia kwa saa. Tubebe nini, tutazame upande gani? Mmoja wetu ana kamera.

NyotaZaKusini: Mkuu, badilisheni tarehe. Hiyo mia ni hesabu ya kitovu cha vimondo, yaani sehemu ya anga vinapoonekana kutokea, kikiwa utosini, na kitovu cha Perseidi kiko mbali kaskazini. Kwetu Mbeya, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hakipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi, na kinafika hapo kumeshapambazuka. Vingi vitawapitia chini ya upeo wa macho.

Chukueni mvua nyingine ya vimondo, Delta Akwaridi, inayofikia kilele karibu na 30 Julai. Kitovu chake kiko kundinyota Ndoo, jirani na nyota Fomalhaut, na ikikaribia saa tisa usiku kinakuwa juu yenu kabisa. Vimondo 15 mpaka 20 kwa saa ni usiku mzuri sana. Siku hizohizo kuna vichache vya kundinyota Mbuzi, vya polepole na vyenye kung'aa, mtavipenda. Msikodolee kitovu chenyewe. Tazameni pembeni kama nyuzi 40, huko mikia huonekana mirefu.

Angalieni mwezi kwanza. Julai 2026 unakuwa mpevu tarehe 29, utafuta karibu vyote. Mwaka 2027 unaandama 2 Agosti, kwa hiyo usiku wa kuamkia 30 na 31 Julai giza litakuwepo. Mwaka huohuo 6 Mei mwezi unaandama siku ya kilele cha Eta Akwaridi, vumbi la nyotamkia ya Halley. Hizo ni za saa kumi hadi saa kumi na moja na robo alfajiri, mkitazama mashariki, ila mvua za masika zinaweza kuwa hazijakata vizuri. Geminidi za Desemba ni nyingi kuliko zote hizi, lakini huku kwetu Desemba ni mawingu.

MamaMakete: Baridi ndiyo inayorudisha watu nyumbani saa saba, kabla mambo hayajanoga. Mtakuwa juu ya mita 2,000, na baridi inayoumiza hutoka ardhini, siyo angani. Tandikeni turubai, juu yake mkeka, kisha godoro la sponji, blanketi moja la kulalia na mawili ya kujifunika kila mtu. Juu kabisa wekeni nailoni, maana umande ukishalowesha blanketi halina kazi tena. Msitandike kwenye kibonde. Hewa baridi hushuka na kutuama hapo.

Chai iwe kwenye chupa. Tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wala hema, hata mkaa ukiwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Gari litoeni kabisa nje ya lami, malori hupita usiku. Na mtendaji wa kijiji apewe taarifa mchana.

FundiLenzi: Kamera: lenzi pana, milimita 14 hadi 24, tundu wazi kabisa, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, sekunde 15, picha mfululizo kwenye stendi. Fokasi ya mkono: kuza nyota angavu kwenye kioo, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha bana pete ya lenzi kwa selotepu. Picha nyingi huharibikia hapo, pete ikisogea kidogo tu. Betri ya akiba ikae mfukoni mwilini, baridi huinyonya. Kila nusu saa mulika lenzi kwa pembeni uone kama imeshika ukungu.

Tochi ifungeni kitambaa chekundu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo kimoja cha simu kinawarudisha mwanzo nyote sita.

UyoleKwetu: Asanteni sana. Kikianguka karibu, tunaweza kuokota kama kile cha Mbozi?

NyotaZaKusini: Hapana. Hivi ni chembe kama mchanga, huungua kilomita 80 hadi 100 juu. Cha Mbozi ni pande la chuma la tani kadhaa, halina uhusiano na mvua hizi.