Tupeane uzoefu: lenzi ya mkono iliyokutoa jasho

Kijana wa Umoja:
Leo nimepita soko la Toi nikitafuta viatu nikakuta mzee ameweka kamera ya Zenit E juu ya gunia, katikati ya pasi za makaa na redio zilizokufa, na lenzi yake, Helios 44-2, bado iko mbele. Nimeishika nikazungusha ile pete ya fokasi, nzito, grisi imekauka, na nikakumbuka mambo mengi hadi nikaondoka bila viatu. Basi wadau, hebu tupeane uzoefu: lenzi gani ya kufokasi kwa mkono ilikutoa jasho na ikawa aje?

Naanza mimi. Yangu ya kwanza ilikuwa Helios hio hio, nilipata 2019 kwa elfu mbili mia tano, nikaifunga kwa Canon ya mtumba na adapta ya chuma. Binamu yangu alikuwa anahitimu, nikafungua f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga liko wazi zaidi) juu nilitaka majani ya nyuma yazunguke venye Helios huyazungusha. Nikapiga picha mia moja themanini. Kufika nyumbani nafungua kwa laptopu, kofia iko fokasi, ile kamba ya kofia iko fokasi, kola iko fokasi, macho hata picha tano hazifiki. Kumbe ukisimama mita moja na hio lenzi kwa f/2, kwa sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) kama ya hio Canon, chenye kinakaa kwa fokasi ni kama sentimita mbili na nusu tu. Akipumua ametoka. Sikuwa najua. Hajawahi niambia kitu lakini picha yenye wameweka ukutani kwao ni ya simu ya mjomba.

Nyayo za Kawangware:
Sentimita mbili na nusu, ndo maana. Pia mimi, sikio safi kabisa, jicho ukungu.

Dada Lenzi:
Na ile pete ya pili ya Helios 44-2 hamjaitaja. Iko na pete mbili, moja unachagua namba, nyingine ndo inafungua na kufunga bila mlio hadi hio namba. Nilipiga mechi nzima ya watoto uwanja wa Camp Toyoyo nikidhani niko f/4 kumbe ile ya kwanza iko f/16 na ile ya pili imejizungusha hadi mwisho, niko f/16, shata inafunga polepole, watoto wote ni mistari.

Mzee wa Filamu:
Vijana, sisi tulianza hatukuwa na kitu kingine. Minolta 7000 iliyofanya watu wengi wajue otofokasi, yaani kamera kujifokasi yenyewe, ilitoka 1985, na wakati huo mimi nilikuwa tayari nimepiga harusi kwa miaka. Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi hapa hapa, alipiga picha za vita hadi alipouawa Biafra 1968, na fokasi yote ilikuwa vidole vyake. Hakuwa anazungusha pete kila mara. Unaweka tayari kabla kitu hakijatokea. Chukua lenzi ya 28mm, weka f/8, pete iwe mita tatu na kidogo, na kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi mbali kabisa kitakubalika. Halafu sahau fokasi, angalia watu. Pale Moi Avenue jioni matatu zikipakia nimepiga hivyo miaka mingi.

Kijana wa Umoja:
Mzee shikamoo. Hio hesabu ni ya filamu ama hata ya kamera zetu?

Mzee wa Filamu:
Marahaba. Ni ya filamu ya 35mm na sensa ya ukubwa huo. Hizo zenu za sensa ndogo, picha inakuzwa zaidi, kwa hivyo weka karibu mita tano na ukubali kuanzia mita mbili na nusu.

Kona ya Eastleigh:
Kwa heshima mzee, mimi hio njia ilinikataa. Kila kitu kinakubalika lakini hakuna kitu kikali. Afadhali kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani, unawasha ile rangi nyekundu inachora kingo za kitu kikiingia fokasi, ama unakuza skrini mara kumi unaona kope moja moja.

Dada Lenzi:
Hio rangi nyekundu inadanganya ukiwa f/1.4. Inachora pua na jicho na nywele zote pamoja. Kuza skrini, achana na rangi.

Kona ya Eastleigh:
Haijawahi nidanganya.

Dada Lenzi:
Basi hujawahi printi kubwa.

Mama Picha:
Mimi sijui kama nitamaliza kuandika hii lakini umetaja Zenit na Toi na imenirudisha.

2022 nilinunua lenzi ya Super Takumar 50mm f/1.4 kwa duka moja tao, ya skrubu, zile za M42. Kamera yangu ilikuwa Nikon D3200. Muuzaji akaniambia adapta iko, akanifungia, ikaingia vizuri, nikajaribu pale pale dukani nikapiga kalamu yake juu ya kaunta, ikatoka kali mpaka unasoma maandishi, nikalipa nikatoka nimefurahi. Wiki hio ilikuwa Pasaka na sisi wote tulikuwa tunaenda Murang'a kwa shosho, alikuwa anafika miaka tisini na moja, na ilikuwa mara ya kwanza wajukuu wote wako pamoja tangu korona ianze, ishirini na watatu. Nikasema hii ndo nitapiga na lenzi mpya.

Asubuhi nilikaa naye nje ya jikoni akichambua maharagwe. Nilikuwa karibu sana, labda nusu mita, nikapiga mikono yake tu, vile vidole vinachagua maharagwe na kutupa mawe. Saa saba jua likiwa kali tukapanga watu chini ya mti wa parachichi, shosho kwa kiti katikati, nikarudi nyuma hadi wote wakaingia kwa picha. Hio D3200 haipimi mwanga na lenzi za zamani kama hizo kwa hivyo nilikuwa nakisia, nikafunga hadi f/8, ndani ya kamera kukawa giza, nazungusha pete inafika mwisho na bado naona kama kuna ukungu, nikasema ni macho yangu, ni jua. Kuangalia skrini siwezi, jua linagonga. Watu wamechoka, watoto wanalia, nikapiga kumi na nne nikasema asanteni.

Nimefika Nairobi nikafungua kwa kompyuta. Hakuna hata moja. Yaani si kwamba zimetetemeka kidogo, sura hazijulikani, unamjua mtu kwa rangi ya nguo. Nilifikiri lenzi ni mbovu, nikairudisha, ndo fundi mmoja akanieleza kwamba lenzi za M42 zinataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwa filamu, na Nikon yenyewe imeshaweka mlango wake milimita 46.5, kwa hivyo lenzi haiwezi ingia ndani vya kutosha, na adapta inaisukuma mbele zaidi. Kwa hivyo inaona karibu tu. Ukipita mita moja na kitu, hata ufanye nini, ukungu. Ile kalamu kwa kaunta ndo ilinidanganya.

Nikasema sawa, tutapanga tena Agosti. Shosho alienda wiki tatu baadaye.

Nyayo za Kawangware:
Pole sana dada.

Kijana wa Umoja:
Pole Mama Picha. Aki pole.

Mzee wa Filamu:
Pole mwanangu. Na ile mikono?

Mama Picha:
Ile mikono ilitoka, mzee. Ni kali kabisa. Iko kwa sebule ya mama. Watu wakija wanasema hio ni mikono ya shosho kabla hata waambiwe, juu ya kile kidole cha shahada kilichokuwa kimepinda.

Bingwa wa Adapta:
Dada pole, lakini watu wasikimbie Nikon juu ya hii. Kuna adapta ya M42 kwenda Nikon yenye kioo kidogo ndani, hio inarudisha fokasi ya mbali.

Kona ya Eastleigh:
Na inaharibu lenzi. Umetafuta Takumar halafu unaweka kioo cha bei rahisi nyuma yake, f/1.4 yote inakuwa maziwa.

Bingwa wa Adapta:
Ukifunga hadi f/4 huoni tofauti.

Kona ya Eastleigh:
Sasa kwa nini ulipe f/1.4 ufunge f/4?

Fundi wa Kayole:
Nyote mnaongea kweli nusu. Kioo kinasaidia ukitaka tu kumbukumbu, lakini mtu akiniuliza kabla anunue namwambia aangalie kipimo cha mlango kwanza, yaani umbali kutoka pale lenzi inashika hadi kwa sensa ama filamu. Canon EF ni milimita 44, kwa hivyo M42 inaingia na adapta nyembamba bila kioo. Sony E ni 18, hapo hata Canon FD ya 42 inaingia, hio FD ambayo kwa Canon EF yenyewe inakataa. Kamera ikiwa na mlango mfupi kuliko lenzi, uko salama. Na mkijaribu lenzi dukani msipige kalamu, tokeni nje mpige jengo la mbali, pete ikiwa kwa ile alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa. Kama jengo ni kali, lipa.

Mimi yangu pia iliniuma. Kabla nianze kazi hii nilifungua Pentax-M 50mm f/1.7 ya mteja wa kwanza, pete ilikuwa nzito kama hio ya Toi. Kwanza nilitumia bisibisi ya kawaida na skrubu za Kijapani zina mdomo wake tofauti, nikaharibu vichwa viwili. Halafu nikazungusha zile pete za hesi (nyuzi kama za skrubu) zikaachana mkononi mwangu, na sikuwa nimeweka alama. Hesi za fokasi zina milango mingi ya kuingilia, si mmoja kama chupa ya soda. Ukikosea mlango lenzi inafungika vizuri kabisa lakini fokasi haifiki mbali ama inapita. Nilijaribu kutoka saa mbili usiku hadi adhana ya alfajiri. Mlango wa sita ndo ulikuwa wenyewe. Tangu siku hio, kabla pete ziachane nachora mstari na sindano, napiga picha na simu, ndo naendelea.

Mpwani wa South B:
Ndugu zangu, mimi langu ni kuvu. Marehemu baba aliniachia Nikkor 105mm f/2.5, aina ile aliyotumia Steve McCurry 1984 kumpiga yule binti wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, na baba hakuacha kuitaja habari hiyo kila akiitoa. Ilikaa kabatini nyumbani Kibokoni, Mombasa, miaka sita ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nilipokwenda kuichukua nikaitazama kwa tochi, ndani mna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fundi aliusafisha lakini kuvu lilikuwa limeshakula ile rangi ya juu ya kioo. Nikipiga na jua likiwa mbele yangu picha inafifia. Mfuko wa ngozi unashika unyevu, msiweke lenzi humo, hata huku Nairobi mvua ya Aprili ikishika.

Dada Lenzi:
Weka kwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na vile vipakiti vya silika vya kwa viatu.

Nyayo za Kawangware:
Mathe hutumia mchele kwa chumvi, hata lenzi itakubali.

Fundi wa Kayole:
Usiweke mchele. Una vumbi, nitaitoa kwa hesi mimi.

Bingwa wa Adapta:
Weka tu kwa jua kila Jumapili, kuvu haipendi jua.

Fundi wa Kayole:
Na grisi inayeyuka inaingia kwa majani ya apacha, lile tundu la mwanga, yanashikana. Haya basi, lete pia.

Mwalimu wa Fizikia:
Na hakuna aliyemuuliza Mama Picha kama Takumar yake ni ya manjano. Nyingi za 50mm f/1.4 zina thoriamu kwenye kioo cha nyuma. Ni mionzi.

Kona ya Eastleigh:
Sasa unamtisha mtu aliyefiwa.

Mwalimu wa Fizikia:
Simtishi. Kuitumia kwa kamera si shida, thoriamu imeshikwa ndani ya kioo. Usiisugue, usiivunje, usilale nayo chini ya mto. Nasema watu wajue wanachoshika.

Mpwani wa South B:
Na ule umanjano, huondoka?

Mwalimu wa Fizikia:
Mionzi yenyewe ndiyo inakipaka kioo rangi, na mwanga wa jua unairudisha, wiki kadhaa dirishani. Lakini iwe na kifuniko upande mmoja na karatasi ya foili nyuma, na usiiache ikitazama pazia. Lenzi inakusanya jua. Nimeona kitambaa cha meza kikitoboka.

Bingwa wa Adapta:
Si nilisema jua.

Mama Picha:
Yangu ni ya manjano, nilifikiri ni uzee. Sikuiuza. Nilibaki nayo hata kama haina kazi kwa Nikon.

Fundi, swali. Desemba tunakutana tena Murang'a, ule mti wa parachichi bado uko, na wajukuu sasa ni ishirini na sita. Dadangu amenunua Canon ya zamani ya EF. Hio adapta nyembamba unayosema, kuna mtu anaweza niazima? Nataka niende na Takumar hio hio.

Fundi wa Kayole:
Ninayo. Lakini zingine za Takumar kwa Canon za sensa kubwa, nyuma ya lenzi hugusa kile kioo cha kuakisi ndani ya kamera pete ikienda mbali, kwa hivyo kuja na kamera yenyewe tujaribu pole pole kabla. Jumamosi niko.

Mama Picha:
Nitakuja asubuhi.

Mzee wa Filamu:
Na kiti cha shosho mkiweke pale katikati, mwanangu. Fokasi uifanyie hapo.