Waifai haifiki chumba cha nyuma, na ofisi imeniletea fomu

Mama Mapacha, Jumatatu usiku
Hamjambo wapendwa. Naomba msaada wa haraka, nimepewa hadi Ijumaa. Ruta iko sebuleni, ndiko waya wa kampuni ya intaneti unakoingilia. Chumba cha nyuma, ninakofanyia kazi na kumpigia mama yangu kwa video, kimetenganishwa na sebule kwa kuta mbili za zege, na huko waifai inabaki mstari mmoja. Jana mama alikuwa ananionyesha mguu uliovimba. Picha ikaganda kwenye kidole gumba, nikawa nasikia tu "unaniona? unaniona?" mpaka simu ikakatika. Ofisini kwao nimepiga mara nne. Fundi wao alikuja, akachomeka waya kwenye ruta, akapima, akasema kasi ni kamili, tiketi ikafungwa. Chumba cha nyuma hakukanyaga. Sasa wameleta fomu ya kukodi visambazaji viwili. Swali langu ni moja: nikitia saini, ile miezi 24 ya mkataba inaanza upya au inaendelea pale ilipo? Kila anayepokea simu ananiambia lake.

Zamu ya Usiku, Jumatatu usiku
Pole sana dada, Mungu amjalie mama nafuu. Usitie saini kwanza. Mimi nilinunua ripita ya kuchomeka ukutani, kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha upya, nikaiweka chumbani kulekule kwenye shida. Simu ikaonyesha mistari yote imejaa, lakini ukurasa haufunguki. Kumbe mistari ile ilikuwa ya ripita na simu. Ripita yenyewe ilikuwa inapokea makombo kutoka kwenye ruta. Nikaihamishia koridoni, katikati ya njia, ikaamka. Tafuta programu inayoonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Ripita ikae mahali ambapo ruta bado inasomeka -65 hivi. Ukiona -80, hapo usiiweke.

Fundi Waya, Jumanne
Ndugu yangu, umeeleza nusu. Ripita yenye redio moja inapokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu hata ukiiweka mahali pazuri. Dada, anza na haya. Je, waifai za 2.4 na 5 GHz umezitenganisha au SSID (jina la waifai) ni moja? Ile ya 5 ina kasi lakini zege inaimaliza, ya 2.4 ni ya polepole ila inapenya zaidi. Halafu fikiria waya kabla ya kitu kingine chochote. Cat5e (aina ya waya wa mtandao) inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na unaweza kuipitisha pembeni mwa sakafu bila kutoboa ukuta. Mwisho wa waya weka ruta ya zamani iwe AP, yaani ya kurusha waifai tu: zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani), badilisha anwani yake isigongane na ya ruta kubwa, chomeka LAN kwa LAN, yale matundu ya vifaa vya nyumbani. WAN, tundu la waya wa kampuni, usiiguse.

Baba wa Watatu, Jumanne
Hilo la WAN usilikaze hivyo, Fundi. Ruta yenye modi ya AP ukiichomeka kwenye WAN inafanya kazi vizuri tu. Watu wanasoma hapa halafu wanakesha wakitafuta kosa ambalo halipo.

Mimi nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki hata msumari. Nilichukua zile adapta mbili za kupitisha data kwenye nyaya za umeme. Wiki ya kwanza nililia nazo, kwa sababu moja niliichomeka kwenye kebo ya upanuzi yenye kinga ya umeme, na kile kichujio cha ndani kinameza mawimbi. Nilipoichomeka moja kwa moja ukutani, mambo yakabadilika. Ila vyumba vikiwa kwenye saketi tofauti inaweza kushuka vibaya sana. Nunua mahali wanapokubali kurudishiwa.

Fundi Waya, Jumanne
Niliandika ruta ya zamani, na nyingi za zamani hazina modi hiyo. Tusome kabla ya kusahihishana.

Mpangaji, Jumanne usiku
Mimi niko Ujerumani. Huku tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria inampa mteja haki ya kutumia ruta yake mwenyewe, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015/2120 nayo inataja haki ya kuchagua kifaa cha kuunganishia. Nasema hivi kwa uchungu, dada. Sisi wageni tunasaini kila karatasi tunayowekewa mbele, kwa sababu tunaogopa barua yoyote yenye nembo. Mimi nilikodi ruta miaka mitatu kwa woga tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naweza kukataa, na viongozi wa jumuiya zetu wanakutana kupanga uchaguzi wao, si kutufundisha mambo kama haya.

Zamu ya Usiku, Jumatano alfajiri
Dada hakusema yuko nchi gani, na sheria za Ujerumani hazivuki mpaka. Ya uchaguzi tuyaache, yalishatugawa mwaka jana.

Ila kwa mnaohama na vifaa: nilipotoka Marekani kuja Ulaya, laptopu yangu haikuiona kabisa waifai ya nyumba mpya, ilhali simu niliyonunua huku iliiona. Siku tatu nalaumu laptopu. Kumbe ruta ilikuwa imejichagulia chaneli ya 13, na vifaa vya Marekani kwa kawaida vinaishia 11. Kwenye 2.4 chagua 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Mama Mapacha, Jumatano
Asanteni sana. SSID ilikuwa moja, nimezitenganisha. Tena nimegundua ruta ilikuwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya televisheni, niliiweka humo mwenyewe ili watoto wasiishike. Nimeitoa nikaiweka juu ya rafu ya vitabu: chumba cha nyuma kilikuwa -81, sasa ni -73. Video bado inakwama. Nimeagiza waya wa mita 20, na ruta ya zamani ninayo. Lakini fomu bado iko mezani. Kuna anayejua kuhusu ile miezi 24?

Msafiri, Jumatano usiku
Huwa sichangii humu. Nimesoma hilo la kidole gumba nikashindwa kulala. Mara ya mwisho kumwona baba yangu ilikuwa picha iliyoganda, mdomo wazi, alikuwa anataka kusema kitu. Nilikata ili nipige tena, na hakupokea. Dada, picha ikianza kukwama zima video upesi mwendelee kwa sauti. Sauti inakula chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, inapita hata kwenye waifai dhaifu. Mwambie aliye naye apige picha ya mguu aitume baadaye. Usikate kwanza.

Fundi Waya, Alhamisi
Pole sana, Msafiri. Nimekuandikia pembeni.

Dada, ukilazimika kuchukua vile vya ofisi, waulize mambo mawili: vina redio ya tatu ya kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe? Na vina tundu la LAN uviunganishe kwa waya? Wakijibu hapana kwa yote mawili, utakuwa umekodi ripita zenye sura nzuri.

Mama Mapacha, Alhamisi usiku
Waya umefika. Nimeupitisha kwenye kona za korido na kuubana kwa klipu za gundi, mapacha wakinishikia. Ruta ya zamani haina modi ya AP, kwa hiyo nimefuata LAN kwa LAN. Mara ya kwanza nilisahau kuzima DHCP, nyumba nzima ikapoteza intaneti, nimezima, imerudi. Leo mguu nimeuona wote, kuanzia goti. Uvimbe umeshuka, na mama ameniambia nimekonda.

Ofisi imenipigia jioni, wanaitaka fomu kesho saa nne, hata kama ni ya kukataa. Na hiyo ya kukataa nayo ina aya kuhusu kuendelea kwa mkataba. Nimepiga picha, nimeambatisha. Mwenye kuelewa lugha ya mikataba aitazame usiku huu, tafadhali.