"Picha kwa hisani ya mtandao"!!! Mtandao umeshika kamera lini?

Wakuu, mnamjua ninayemsema, jina silitaji. Leo kaja na jalada jipya. Picha aliyoipiga mtu mwingine kaikata kona, ile kona yenye jina la mpiga picha, kaigeuza kushoto kulia, kaimwagia rangi ya machungwa, halafu chini kaandika: "Picha kwa hisani ya mtandao." Mtandao! Ndio uliopanda mlima alfajiri na stendi ya kamera begani?

Picha ina leseni ya CC BY-SA 4.0 (ya Creative Commons: tumia bure, ila umtaje mwenyewe, na ukiibadilisha uitoe kwa leseni ile ile), imeandikwa pale pale alipoipakulia. Mstari mmoja tu ungetosha: jina la mpiga picha, kiungo cha ilikotoka, jina la leseni na kiungo chake, na maneno "imekatwa, rangi imebadilishwa". Tena kwa kuwa kaibadilisha, jalada lilipaswa kutoka kwa leseni hiyo hiyo. Yeye kagonga muhuri wa "Haki zote zimehifadhiwa". Kaulizwa, kajibu "chanzo nimetaja". Chanzo gani? KWA HISANI YA MTANDAO!

Nyundo: Mkuu, povu lote hilo kwa picha moja? Mwambieni arekebishe. Toleo la 4.0 linampa siku 30 tangu agundue kosa, akilisahihisha, leseni iliyokatika kwa kosa hilo inarudi yenyewe.

Mleta uzi: Agundue nini? Mkasi kaupitisha juu ya jina! Kwa hisani ya mtandao!

Kinubi: Picha afadhali. Kwenye midundo mtu anakata sekunde nne za wimbo, anapandisha toni kidogo, anakwambia "chini ya sekunde saba ni bure". Sheria hiyo haipo. Ruhusa ni mbili: ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Ukipiga vyombo upya mwenyewe, ya rekodi huihitaji, ya utunzi iko pale pale.

Kalamu2: Nyie mnatajwa hata kwa uongo. Mfasiri wa kitabu jalada halimjui kabisa, anatupwa ukurasa wa nne kwa herufi za sisimizi. Na tafsiri ina hakimiliki yake, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unailinda kama kazi asilia.

Kinubi: Bila kuathiri haki za mwandishi wa kwanza, malizia kifungu.

Kalamu2: Nani kabisha? Nasema jina liwe kwenye jalada.

Mleta uzi: Jamani, picha...

Nyundo: Kinubi, nikipunguza kasi bila kugusa toni?

Kinubi: Rekodi ni ile ile. Omba zote mbili.