Kagera walifanyaje mpaka UKIMWI ukashuka kabla hata ya ARV?

Mjukuu_wa_Muleba:
Wakuu heshima kwenu. Juzi nilikuwa msibani Muleba, usiku tumekaa na wazee wakaanza kupiga stori za "Juliana", mi nikajua wanamuongelea mdada fulani kumbe ndo UKIMWI wenyewe. Nimerudi Dar nikaperuzi nikakuta Bukoba mjini mwaka 1987 asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na virusi, yani karibu mmoja kati ya wanne, afu 1993 ikawa 18, 1996 ikawa 13. Sasa ARV za bure zimeanza kutolewa nchini 2004, hawa walishusha kwa dawa gani? Wenye umri wenu humu nifungueni.

kipara_ngoto:
Jibu unalo mkuu. Walikufa. Ndoo ukiichota kila siku maji yanapungua, hakuna cha elimu wala nini.

Mzee_wa_Kamachumu:
Nilitaka nipite kimya ila hiyo ya ndoo imeniuma. Mwaka 1983 niko darasa la saba Kamachumu, na wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitambuliwa pale pale kwetu, hospitali ya Ndolage. Hakuna aliyekuwa anasema UKIMWI. Walianza kuondoka vijana wenye hela, wale wa magendo wanaovuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na wanaopita ziwani, na kwa vile wengine walikuwa wamedhulumu Waganda mali zao watu wakasema wamelogwa. Ng'ambo kule Rakai, Uganda, nao wakasema wachawi ni Watanzania, kila mtu anamsukumia jirani. Juliana zilikuwa nguo za fasheni zinazotoka Uganda, binti akihongwa hiyo kijiji kizima kinajua, akianza kukonda ndo jina hilo hilo.
Unauliza walifanyaje. Mi naona kilichotubadilisha ni makaburi. Sisi Wahaya tunazika nyumbani, kwenye kibanja, kwahiyo ukienda kukata ndizi unapita katikati ya ndugu zako, kwetu yalifika matano ndani ya miaka mitatu. Hapo hata asiyejua kusoma anaelewa. Matanga tulikuwa tunakaa siku nyingi hakuna anayeshika jembe, kijiji kikakaa kikao tukazipunguza maana tungekufa njaa kabla ya ugonjwa. Kurithi mjane wazee wenyewe wakaanza kukataa, mtu anaogopa. Mchungaji wetu akawa hafungishi ndoa mpaka mmepima. Afu wakaja watafiti wa Muhimbili na wenzao wa chuo kikuu cha Umeå, Sweden, wanatoa watu damu, mwanzoni tulikuwa tunakimbilia migombani tukijua mumiani.
Serikali ya juu ilichelewa. Mkapa ametangaza kuwa ni janga la taifa Desemba 1999, TACAIDS, ile tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, ikafuata, wakati ugonjwa ulishafika mikoa yote ya bara tangu 1986. Sisi tulikuwa tumeshazika.

Takwimu_Man:
Shikamoo mzee. @kipara_ngoto ndoo yako ina bomba umelisahau. Vifo vilikuwepo na vilipunguza namba, hapo uko sahihi, ila angalia mabinti wa miaka 15 mpaka 24, hao ndo wanaanza mapenzi, wengi wameambukizwa karibuni na hawajafika hatua ya kufa. Kati ya 1987 na 1993 kundi hilo ndo lilishuka kwa kasi sana pale Bukoba mjini, na waliofuatiliwa baadae ikaonekana maambukizi mapya nayo yamepungua. Kama ni vifo tu wangeshuka watu wazima, mabinti wangebaki pale pale. Kwahiyo bomba lilikuwa limeanza kufungwa.

kipara_ngoto:
Sawa nimekuelewa. Ila sasa mbona Njombe haijafungwa? Utafiti wa 2016/17 wao asilimia 11.4, Kagera 6.5. Kwani Njombe hawana makaburi?

Binti_Makambako:
Kipara tusitupiane maneno, nipo Makambako hapa. Huku ni njia panda, malori ya Zambia, mashamba ya chai, mbao, watu wanaishi mbali na wake zao, na ugonjwa kwetu ulipamba moto baadae. Halafu kumbuka siku hizi anayekunywa dawa anaishi, anahesabiwa, kwahiyo asilimia kubwa sio lazima iwe habari mbaya. Mama yangu mdogo anatumia tangu 2006, anauza viazi, ana wajukuu, virusi havionekani kwenye kipimo. Angekuwa Kamachumu mwaka 85 msingemjua.

Mzee_wa_Kamachumu:
Marahaba @Takwimu_Man. Na wewe binti umesema kweli kabisa. Msalimie mama.

Mjukuu_wa_Muleba:
Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Mzee shikamoo, swali la mwisho, hiyo Juliana yenyewe uliwahi kuiona kwa macho?

Mzee_wa_Kamachumu:
Marahaba. Dada yangu alikuwa nayo, blauzi. Alipokonda mama aliichoma jikoni, jioni ile tulikuwa tunapika ndizi, moshi wake ulinuka plastiki hatukula. Dada alikuwa amekaa pale pale anaangalia.

kipara_ngoto:
Pole mzee. Nafuta ile ya ndoo.