Uvimbe wa faibroidi hutokaje kwenye tundu dogo?

Muulizaji: Habari zenu, ndugu. Daktari amenishauri niondolewe faibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, yenye upana wa sentimita 8 kwa upasuaji wa matundu madogo. Sielewi uvimbe mkubwa hivyo utapitaje kwenye tundu la milimita 10, na jambo hili linaninyima usingizi.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji: Pole sana, dada. Kwanza tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi. Kisha kamera huingizwa karibu na kitovu, na vifaa vyembamba, vingi vya milimita 5, kama mikasi, koleo na kifaa cha umeme cha kuziba mishipa ya damu, hupitishwa pembeni. Uvimbe ukishabanduliwa kwenye kizazi hukatwa kwa mashine ukizungushwa, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, ukatoka utepe kwa utepe.

Mchangiaji: Naongezea jambo zito. Mwaka 2014, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu mashine ya kukata uvimbe tumboni, kwa kuwa saratani iliyojificha ndani ya uvimbe, ingawa ni nadra, huweza kutawanyika. Uliza kama uvimbe wako utakatwa ndani ya mfuko maalumu, na uulize kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Muulizaji: Asanteni sana. Suala la mfuko sikuwahi kuelezwa; nitaliuliza kwanza.