Tupeane uzoefu: mgeni wa programu huria akibisha hodi, unampokelea wapi?

Mgebuka_KGM (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaoendesha vikundi vya programu huria (zile ambazo kodi yake iko wazi kwa wote) huku Kigoma na Tabora: wachora ramani huria ya OpenStreetMap, watafsiri wa programu ya ofisi ya LibreOffice, waandika kodi. Mgeni akija mnampokelea wapi? WhatsApp, Telegram, Discord, barua pepe, au ndani ya GitHub kwenyewe, kwenye tovuti inakohifadhiwa kodi ya miradi? Leteni vitu vya kufanyia kazi.

Naanza. Kwa huku mlango ni WhatsApp, maana ndiyo iliyo wazi kwenye simu ya mtu kutwa nzima. Ila kazi isifanyikie humo. Jibu zuri la Jumatatu, ikifika Alhamisi limeshazikwa chini ya salamu na pole za msiba, na Google haiwezi kulifikia. Swali linaulizwa upya, wajuzi wanachoka, mgeni wa 10 anajibiwa kwa mkato. Dawa yake: aliyejibu anahamishia swali na jibu kwenye Discussions za mradi (ukurasa wake wa majadiliano huko GitHub) siku hiyohiyo, kisha anarudisha linki kundini. Ni kazi ya dakika 5, na isipofanywa siku hiyo haifanywi tena.

NyukiWaSikonge (Tabora)
Naongezea nyama hapo, mkuu. WhatsApp inaharibu kodi. Neno lililo kati ya nyota linageuka herufi nene, lililo kati ya mistari ya chini linageuka mlalo, na kibodi nyingine hupindisha alama za kunukuu. Mgeni ananakili amri, anaibandika, inagoma, anajiona yeye ndiye hajui kitu. Amri zote zifungwe kwa alama ``` mwanzo na mwisho. Na ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini utumwe kwa maandishi. Maandishi ya kosa ni kilobaiti 2 au 3 tu. Picha ya skrini inakula bando zaidi na huwezi kunakili neno ndani yake ukalitafute.

Dada_wa_Isevya (Tabora)
Jamani, mbona hakuna aliyegusa namba za simu? Kundi la WhatsApp linaanika namba ya mwanachama mbele ya wote. Binti wa chuo anajiunga asubuhi, jioni anaandikiwa faragha na watu asiowajua, kesho yake katoka kimyakimya. Halafu mnasema wasichana hawapendi teknolojia. Hilo linaniuma sana.

Wekeni mlango wa pili. Telegram inamruhusu mtu kutumia jina badala ya namba: Mipangilio, kisha faragha na usalama, kisha namba ya simu, achague asionekane na yeyote. Mfundisheni afanye hivyo kabla hajajiunga. Kwenye kundi lenyewe, admini aruhusu wageni kuona mazungumzo ya nyuma. Admini wawe wawili au zaidi, mmoja awe mwanamke, na maelezo ya kundi yaseme wazi malalamiko yapelekwe kwa nani.

Mgebuka_KGM
Umesema kweli kabisa, dada. Na wale ambao mradi mama uko kwenye majukwaa ya gumzo kama Discord, Slack au IRC?

Reli_ya_Kati (Kigoma)
Kagueni linki kwanza. Mwaliko wa Discord usipobadilishwa hufa baada ya siku 7. Umebandika tangazo chuoni, mwezi ukiisha ni karatasi tu, na mgeni aliyegonga mlango mfu harudi kukuambia. Kwenye tangazo chapisha anwani ya ukurasa wa mradi, mwaliko ukae humo, mtu auguse kila Jumatatu kuona kama unafunguka.

Slack ya bure inaonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Kilichojibiwa Januari hukioni Mei. IRC ni nyepesi mno kwa bando, lakini ukizima data mazungumzo yanakupita. Mgeni anauliza, umeme unakatika, jibu linakuja hayupo. Msimpeleke huko wiki ya kwanza.

Vikao: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29 kwa saa, video ya kilobiti 600 inafika megabaiti 270. Zimeni kamera. Na saa ziandikwe kwa namna zote mbili. 17:00 UTC (saa ya kimataifa) kwetu ni saa 2 usiku. Ukiwaandikia wenzetu wa nje "saa 2" wanaelewa kingine. Tena kikao kilichofungwa saa 19:00 ya Berlin kinaangukia saa 2 usiku kwetu majira yao ya joto, na saa 3 usiku wakirudisha saa nyuma. Sisi saa zetu hazihami.

NyukiWaSikonge
Barua pepe nayo msiitegemee peke yake. Wengi huku walifungua Gmail ili simu iwake tu, hawaisomi. Ila akishazoea inafaa, kwa sababu arifa ya GitHub inajibika kwa barua pepe hiyohiyo hata mtandao ukiwa hafifu.

Dada_wa_Isevya
Nabandika ujumbe wa kupokelea, mbadilishe mtakavyo:

"Karibu sana! Wiki hii zamu ya kupokea wageni ni yangu, naitwa ___. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, pakua StreetComplete (programu ya kujazia ramani hiyo) kwenye Android, jibu maswali 5 ya mtaani kwako, kisha tuambie hapa umeishia wapi. Ukikwama uliza hapahapa, hakuna swali dogo. Utajibiwa kabla ya saa 3 usiku."

Kazi ni moja, si tano. Na jina la mwenye zamu lisiachwe wazi: ukiandika "uliza yeyote", kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mwenye zamu akisafiri, abadilishe jina kwenye ujumbe kabla hajapanda treni.

Mgebuka_KGM
Naunakili sasa hivi. Wa Kasulu na Nzega tunawasubiri. Lugha za kupokelea je? Huku mpakani wanakuja wanaoandika Kifaransa na Kirundi pia.