Mwaka wa kwanza Tanga: bweni la lazima au geto la Ngamiani?

Mleta mada: Wakuu, wapo wanaotaka wanachuo wa mwaka wa kwanza wote walale bwenini, geto, yaani chumba cha kupanga mtaani kama huku Ngamiani, wasubiri mwaka wa pili. Napinga. Leteni hoja zenye hesabu. "Mtoto ataharibika" tumeshaisikia.

Mlezi wa Bweni: Hesabu hii hapa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na hela hiyo, yaani bumu, inaingia kwa mafungu ya siku 60, yaani 600,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 mkononi, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Tuseme chumba ni 50,000: hapo 350,000 imeondoka kabla ya godoro, ndoo na jiko. Bumu la pili likichelewa, mtoto anakula nini? Na kodi haijui likizo.

Mpangaji wa Barabara ya 12: Mlezi, mbona kubebana bwenini hukutaji? Chumba cha vitanda 4, usiku wamo watu 7, soketi mbili. Geto wakiingia wawili, hiyo 350,000 ni 175,000 kila mmoja. Ila mkataba ubebe majina yote mawili, tena mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Likiandikwa moja, mwenzako akihama deni lote lako.

Fundi Umeme: Na LUKU, umeme wa kulipia kabla, je? Umeme wa bei ndogo mwisho uniti 75 kwa mwezi, na nyumba ya vyumba 8 yenye mita moja haibaki humo. Feni ya wati 50 kwa saa 8 kila usiku ni uniti 12 kwa mwezi. Birika la wati 2,000 linakula uniti nzima kwa nusu saa. Watu hugombania feni, kumbe mwizi ni birika. Tafuta chumba chenye mita yake ndogo, na siku ya kuingia piga picha namba zake.

Chini ya Deka: Anayekwenda bwenini achague na kitanda, maana ni vya deka, kimoja juu ya kingine. Cha juu, kama bati halina dari, Januari ni tanuri. Cha chini hakina upepo, na chandarua cha duara hakikai, maana pa kutundika ndoano pana chaga za mwenzako. Nunua cha mraba, funga kamba pembe 4, pindo chomeka chini ya godoro. Kabla ya kutandika, mulika tochi kwenye mishono ya godoro na matundu ya bolti: ukiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, hicho ni kinyesi cha kunguni. Mwagia viungio maji yanayochemka, godoro litoe juani, na urudie baada ya wiki mbili, mayai yakishaanguliwa.

Mleta mada: Kunguni hata geto wapo, mkuu.

Chini ya Deka: Wapo, ila geto chumba ni chako, unapiga dawa utakapo. Bwenini ukipiga dawa chumba namba 4 peke yake wanahamia namba 5, kisha wanarudi.

Mlezi wa Bweni: Basi bweni liwe la lazima muhula wa kwanza tu, wajuane kwanza. Geto nyingi zinavunjika kwa sababu wawili wamekutana foleni ya usajili, kesho yake wakapanga.

Mpangaji wa Barabara ya 12: Hapo tunaelewana. Ila ada ya bweni ikishalipwa ya mwaka mzima, ya muhula wa pili mtairudisha?